Baba Yangu, Mshiriki wa Nane

Baba yangu ni dereva wa basi la shule, na kama kuna mtu aliyezaliwa ili alalamike, basi ni yeye. Halalamiki kinyonge, ah wapi! Analalamika kama mtu aliyeajiriwa kwa kazi hiyo na anataka kupandishwa cheo. Chai ikiwa ya moto, kuna mtu alitaka kumuunguza ulimi. Ikipoa, kuna mtu hamjali. Mama alishazoea. Humwacha aseme mpaka mate yamkauke, kisha humuuliza kama aongezewe sukari, na Baba husema ndiyo.

Watoto wa shule wanamwita Breki. Mtoto akithubutu kusimama kabla basi halijatulia, Baba anakanyaga breki, anazima injini, anageuka kwenye kiti na kuwahutubia wote, wenye hatia na wasio na hatia. Wazazi wengine wanaona anachelewesha watoto. Yeye anasema mtoto aliyechelewa anafika, na aliyeanguka anafika hospitali. Hapo sina la kumpinga, ingawa namna anavyolisema inakera.

Shida yake ilikuwa ule muda wa katikati. Asubuhi anapeleka watoto, alasiri anawarudisha, na katikati hapo anakaa sebuleni bila kazi, macho yanatafuta kosa. Rimoti ina vitufe vingi mno. Pazia limetundikwa na kipofu. Kaka yangu, ambaye anaishi nyumba ya pili kutoka kwao na kwa hiyo ndiye anayekula kisago cha kila siku, akachoka. Siku moja akamkalisha Baba mbele ya kompyuta na kumwandikisha kuwa mjaribu tovuti.

Kazi yenyewe ni hii. Watu wanaotengeneza tovuti, kabla hawajaifungua kwa umma, wanatafuta watu wa kawaida waijaribu. Unakaa kwako na kaptula yako. Kompyuta inakupa shughuli: tafuta hiki, jaza kile. Unatakiwa kusema kwa sauti kila kinachokupitia kichwani. Hakuna anayekusimamia, hakuna wa kumuuliza, ukikwama umekwama. Skrini inarekodiwa pamoja na sauti yako, halafu mtu fulani, mahali fulani, anakaa na kukusikiliza.

"Baba analalamika bure tangu tuzaliwe," Kaka alisema baadaye akijitetea. "Nikaona alalamike panapotakiwa."

Wazo zuri kweli, sibishi. Ila hakuna aliyeniambia mimi, na yule mtu fulani ni mimi.

Ofisi yetu iko juu ya duka la vipuri vya pikipiki. Tuko watatu. Kuna Bosi, ambaye mlangoni kwake pameandikwa Mkurugenzi wa Ubunifu kana kwamba anaongoza wizara, kumbe anatuongoza wawili na birika la umeme. Kuna mwenzangu ninayemwita Takwimu, kwa sababu ukimsalimia habari za asubuhi anakujibu kwa asilimia. Na kuna mimi, mwenye hasira za karibu, nilizorithi mnajua wapi.

Wakati huo tulikuwa tunaitengenezea kampuni ya maji tovuti. Ukurasa wangu ulikuwa wa kutoa taarifa bomba likipasuka. Niliutengeneza kwa namna mbili. Namna ya kwanza, kitufe kikubwa chekundu kilikaa upande wa kulia wa ukurasa. Namna ya pili, kitufe kilekile kilikaa kushoto. Moyo wangu ulikuwa kwenye ile ya kulia. Kitufe kile nilikipenda kama mtoto wa kumzaa, na mtu angekigusa ningemng'ata. Tukawapelekea washiriki wanane, kila mmoja ajaribu namna zote mbili, na rekodi zao ziliporudi tukakaa mezani na spika tusikilize.

Saba walikiona kile cha kulia papo hapo. Mmoja hata alisema, "Chekundu, kikubwa, sawa," akabofya, akaaga. Mimi pale kichwa kimevimba, namwangalia Bosi kwa jicho la unaona sasa.

Ikaja rekodi ya mshiriki wa nane. Ilianza na kikohozi, na kikohozi kile nimelala nacho nyumba moja miaka yote ya utoto wangu.

"Haya," sauti ikasema. "Mnataka nifikirie kwa sauti. Mke wangu kila siku ananiomba nifikirie kimyakimya, nyinyi mnataka kwa sauti. Mtaweza?"

Nikaganda. Baba akaisoma shughuli aliyopewa: bomba limepasuka karibu na kwako, ijulishe kampuni ya maji.

"Bomba limepasuka. Sawa. Mtu mwenye akili anakinga ndoo kwanza, lakini sawa. Naangalia. Hapa kuna picha ya mwanamke anacheka na glasi ya maji. Anacheka nini, dada? Hajapata habari. Hapa kuna rangi ya kijani, sijui aliyeichagua alikuwa anaumwa. Hapa wameandika 'Huduma Zetu'. Hapa wameandika 'Kuhusu Sisi'. Nani kauliza kuhusu nyinyi? Maji yanamwagika!"

Bosi alishaanza kucheka, mabega yanaruka. Nyuma ya rekodi, kwa mbali, nikasikia sauti ya Mama kutoka jikoni: "Unagombana na nani tena?"

"Na tovuti!"

"Imekukosea nini?"

"Imeficha kitufe!"

Alikitafuta. Jamani, alikitafuta! Alifungua Kuhusu Sisi, akasoma historia ya kampuni tangu kuanzishwa, akamtukana mwanzilishi. Akarudi. Akabofya picha ya yule mwanamke anayecheka, labda amsaidie. Mwisho akasukuma kiti na kusema kwa uchungu wa kweli, "Mimi nina binti yangu anafanya kazi hizihizi. Angefanya yeye hii, bomba lingeshazibwa zamani. Mwiteni awafundishe."

Bosi alikuwa anafuta machozi ya kicheko. "Huyu mfuteni," akasema. "Hajui kompyuta huyu, atatuharibia ripoti. Mzee wa watu, sijui nani kamtoa kwenye kigoda chake!"

"Huyo ni baba yangu," nikasema.

Bosi alianza kutafuta miwani yake, ilhali ilikuwa usoni. "Ana sauti nzuri," akasema hatimaye.

Nilikuwa na hasira, si kidogo. Na si kwa Bosi, nilikuwa na hasira na Baba. Watu saba wamekiona kitufe, yeye asikione, halafu anisifu na kunitia aibu kwa pumzi moja! Mchana wenzangu walipotoka, mimi nikabaki niiangalie rekodi tena, safari hii kwa makini, nipate ushahidi wa kumkomesha nikimpigia simu. Nilitaka nimwonyeshe mahali hasa ambapo kishale cha kompyuta yake kilipita juu ya kitufe akiwa anapiga domo.

Hakikupita. Nilirudisha nyuma, nikaangalia tena. Kishale kilizunguka kushoto, kikashuka, kikapanda, kikafika katikati, kikageuka. Kulia hakikwenda kamwe. Nikafungua jaribio lake la pili, lile la kitufe kilichohamia kushoto. Baba hakuwa amemaliza hata kukohoa. "Ahaa! Hawa ndio watu!" akasema, akabofya, akajaza fomu yote bila kosa. Alikuwa mwepesi kuliko wote saba. Kwa hiyo kompyuta anaijua vizuri tu.

Takwimu akarudi akitafuna karanga, akaniona nimekodoa macho. Yeye alikuwa na picha inayoonyesha njia za vishale vya washiriki wote, kila mtu kwa rangi yake. Akaifungua ya Baba peke yake. Kushoto na katikati palijaa mistari kama ndege wamechakura. Upande wa kulia palikuwa patupu.

"Ajabu," Takwimu alisema. "Huku haji kabisa. Utadhani kuna ukuta."

Sasa ndipo mambo yakaanza kunirudia kichwani moja moja, na kila moja likinipiga kofi. Chumvi ambayo Mama eti anaificha, kumbe iko mezani mkono wa kulia. Bega la kulia linalogonga fremu ya mlango, na Baba anamlaani fundi. Mikwaruzo ubavuni mwa basi, upande huohuo. Na zaidi ya yote, ule wimbo wake wa mwaka mzima: madereva wa siku hizi hawana adabu, wanachomoka tu, hujui wametoka wapi. Sisi wote tulisikia. Tukasema ni Baba na mdomo wake, tukamwongezea sukari.

Chanzo cha tatizo nilikijua baadaye, daktari alipotueleza kwamba macho yenyewe ni mazima, ila kiharusi kidogo kilipita kichwani kimyakimya na kuzima kile kipande cha ubongo kinachopokea yanayotokea kulia. Mwenye tatizo hili, alisema, mara nyingi hajui. Haoni giza wala ukungu. Upande ule kwake haupo tu, na mtu hatafuti kitu ambacho hajui kama kipo. Lakini siku ile, pale juu ya duka la vipuri, sikuhitaji daktari. Nilitazama saa ukutani, ulikuwa wakati wa kurudisha watoto.

Nikampigia. Simu ikaita mpaka ikachoka, maana Baba akiwa kwenye usukani hapokei simu hata ya Rais. Nikampigia Mama.

"Yupo?"

"Ameshaondoka na basi lake. Kuna nini? Sauti yako mbona hivyo?"

Nilikaa na simu mkononi kama mjinga, sijui nimpigie nani tena, mpaka Mama aliponipigia tena kusema Baba amefika, kavua viatu, na analalamikia soksi. Nikalia pale ofisini. Takwimu akanipa karanga, masikini, hakuwa na kingine.

Ilikuwa Ijumaa, kwa hiyo nilikuwa na siku mbili kabla ya basi kutoka tena. Jumamosi nikaenda nyumbani na maneno yangu. Nikamwambia Baba kwa upole, kitu ambacho peke yake kingemtia mtu wasiwasi, kwamba nadhani haoni vizuri upande wa kulia na asiendeshe mpaka aonwe na daktari.

"Mimi?" akasema. "Mimi naona nzi kwenye dari la jirani."

"Mzee, ule mlango wa bafuni unaugonga kila siku," Mama akaingilia.

"Mlango umewekwa vibaya."

Kaka akamwambia afumbe jicho moja asome kalenda ukutani. Akaisoma. Akafumba la pili, akaisoma, na akaongeza kwamba kalenda yenyewe ni ya mwaka jana na nyumba hii imejaa wazembe. Kaka akanigeukia, mabega juu, kama kusema macho si haya hapa, mazima. Nikapandisha sauti, Baba akapandisha yake, mimi nikasema mkaidi, yeye akasema anayesogeza vitufe asimfundishe udereva mtu aliyeendesha kabla mimi sijazaliwa. Nikatoka nikabamiza mlango. Haambiliki, hasemezeki, na mimi nimefanana naye kwa kila kitu isipokuwa masharubu.

Usiku ule nikajiuliza: huyu mtu ananisikia lini? Hanisikii hata siku moja. Anajisikiliza mwenyewe tu.

Jumapili asubuhi nilimchukua Kaka na binti yake, aliye darasa la pili na anayepanda basi la babu yake kila siku. Tukaenda mpaka nje ya lango la shule, mahali basi linaposimama. Nikapiga picha ya barabara. Nikarudi kwa wazazi wangu na kompyuta yangu.

"Baba," nikasema, "kuna jaribio jipya. Wanatafuta madereva wazoefu."

Loo! Ugomvi wa jana uliyeyuka. Alivuta kiti, akavaa miwani ya kusomea, akamfukuza Mama kwenye mwanga. Nikaiweka kompyuta mezani mbele yake sawasawa, nikakaa nyuma yake. Sheria ya kazi yetu ni kwamba mshiriki hasaidiwi, wala haguswi, wala hukohoi kumpa ishara. Nikawakazia macho Mama na Kaka wanyamaze.

Baba akasoma shughuli kwa sauti. "Wewe ni dereva wa basi. Umesimama hapa. Sema unachokiona, kisha sema utafanya nini. Hii kidogo ina maana, si kama ile ya maji." Akabofya, picha ikafunguka.

"Haa, si kwetu hapa! Wamefikaje? Haya. Naona lango la shule, rangi imebanduka, nimewaambia. Naona duka la vitabu, limefungwa. Nguzo ya umeme imeinama. Shimo, lile waliloahidi kulifukia." Alipita kila kitu kwa kidole hewani. Alikuwa anajivuna, nilimwona kwa nyuma, shingo imenyooka. "Magari hakuna. Watu hakuna. Barabara nyeupe. Hapa natia gia, naondoka."

Akabofya Maliza.

Mama alikuwa amejiziba mdomo kwa upande wa kanga. Kaka alikuwa amegeukia ukuta.

"Nini?" Baba akauliza. "Nimekosa wapi? Kulikuwa na alama ya barabarani?"

Nikairudisha picha kwenye skrini, nikaishika kompyuta kwa mikono miwili, nikaisogeza juu ya meza kuelekea kushoto kwake. Polepole. Yeye akiwa bado anatazama mbele.

"Hee! Huyu katoka wapi?"

Kwenye ukingo wa kulia wa picha alisimama mtoto, begi la njano mgongoni, mguu mmoja umeshashuka barabarani.

"Alikuwepo, Baba."

"Hakuwepo. Mmemweka sasa hivi. Mimi si mtoto, usinichezee."

"Alikuwepo tangu mwanzo."

Nikamfungulia rekodi yake. Skrini ikaonyesha kilichokuwa mbele yake, mtoto na begi lake la njano wakiwa palepale, na sauti yake, ile sauti isiyo na shaka hata chembe, ikahesabu lango na duka na nguzo na shimo. "Magari hakuna. Watu hakuna. Barabara nyeupe. Hapa natia gia, naondoka."

"Rudisha," akasema.

Nikarudisha. Alisikiliza kichwa kimeinama. Kisha akaisogeza kompyuta mwenyewe, kushoto zaidi, akaisogelea mpaka pua ikakaribia kioo.

"Huyu si mjukuu wangu?"

Nilitegemea kelele. Nilijiandaa kwa kelele, nilikuwa na majibu yangu yote kooni. Baba alivua miwani, akaikunja, akaiweka mezani, akaomba simu. Kaka akampa. Alimpigia mwalimu mkuu, Jumapili, bila hata kuomba radhi.

"Mwalimu, ni mimi. Kesho siji. Hapana, si mafua. Tafuta dereva mwingine, na awe amepatikana kabla ya asubuhi, usiniambie habari ya kesho tutaona." Akahamishia simu sikio la pili. "Sikiliza, kuna jambo umwambie huyo dereva. Kuna kale katoto ka darasa la kwanza kanakoshuka mwisho. Huwa kanalala kiti cha nyuma kabisa, kanateleza chini, hukaoni ukiwa mbele. Lazima uinuke uende ukakaangalie. Mwambie asiseme basi tupu kabla hajainuka."